Meko, Mtungi na King'ora: Usalama wa Gesi ya Kupikia na Vitambuzi vya Uvujaji katika Mukuru kwa Reuben

Utangulizi

Mukuru kwa Reuben ni mtaa wa mabanda ulio katika eneo bunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, ukipakana na Eneo la Viwanda na kupitiwa na Mto Ngong. Pamoja na Mukuru kwa Njenga na Viwandani, mtaa huu ni sehemu ya ukanda ambao Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliutangaza kuwa Eneo Maalumu la Mipango mwezi Agosti mwaka 2017. Ukanda huo una kaya zaidi ya 100,000, na nyingi kati yake huishi katika chumba kimoja cha mabati cha kupanga. Chumba hicho ndicho sebule, ndicho chumba cha kulala na ndicho jikoni. Panapolazwa mtoto mchanga ndipo pia panapoinjikwa chungu cha ugali, na kati ya kitanda na jiko huenda pasiwe na nafasi ya mtu mzima kunyoosha miguu.

Kwa miaka mingi vyumba hivi vilipikiwa kwa mafuta taa na makaa. Katika miaka ya karibuni gesi ya mitungi imeingia kwa kasi, na kuingia kwake kumeleta nafuu na hofu kwa pamoja. Nafuu ni dhahiri: moshi umepungua, chai huchemka upesi, na mtoto hafiki shuleni akinuka mafuta taa. Hofu nayo haikosi sababu, kwa maana gesi haionekani kwa macho, na inapovuja katika chumba kisicho na dirisha la kutosha, cheche moja yatosha kuleta maafa.

Makala haya yanakusudia kueleza tabia za gesi hiyo, namna uvujaji wake unavyotambuliwa kwa pua na kwa vyombo, na masharti ambayo chombo cha utambuzi hakina budi kuyatimiza ili kiweze kuitwa chombo kinachofanya kazi. Aidha, makala yanagusia suala linalowahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja, nalo ni lugha ya tahadhari: maneno gani humfikia mkazi wa Mukuru kabla ya moto kumfikia.

Meko: safari ya neno na ya chombo

Mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba nomino jiko huchukua wingi wa meko, kwa kanuni ile ile inayozalisha meno kutokana na jino: irabu ya kiambishi ma- huungana na irabu i ya mzizi na kutoa e. Hivyo, kwa kamusi, meko ni majiko mengi. Katika mitaa ya Nairobi hali ni tofauti. Meko ni kitu kimoja, yaani mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 ambao juu yake pamefungwa kichomeo na vyuma vya kukalia sufuria. Mkazi husema "meko yangu imeisha" au "ninunulie meko moja", naye hueleweka bila utata. Wingi wa kale umekuwa umoja mpya, nao umehamia ngeli ya I-ZI.

Neno mtungi nalo limesafiri. Mtungi wa kwanza ni chombo cha udongo cha kuhifadhia maji, na sifa yake ni kuyapoza. Mtungi wa leo ni wa chuma, na ndani yake mna kimiminika chenye shinikizo ambacho hakitakiwi kupata joto. Mabadiliko haya si ajabu katika historia ya lugha, lakini yana funzo. Jina la zamani huweza kumfanya mtumiaji akione chombo kipya kama jamaa wa chombo alichokizoea. Mtungi wa udongo ukivuja, maji humwagika na mtu huyaona sakafuni. Mtungi wa chuma ukivuja, hakuna kinachoonekana.

Tofauti nyingine ya kuzingatiwa ni ya kiufundi. Mtungi mkubwa wa kilo 13 hutumiwa pamoja na regyuleta na mpira wa gesi unaoelekea kwenye jiko la mezani. Regyuleta hupunguza shinikizo kubwa la mtungini mpaka likawa dogo sana kabla ya gesi kufika jikoni. Meko ya kilo 6, kwa upande wake, hufungwa kichomeo moja kwa moja kwenye vali ya mtungi. Hakuna mpira mrefu unaoweza kuguguna na panya, lakini kuna mpira mdogo wa mviringo ndani ya kiungo unaochakaa kila kichomeo kinapofungwa na kufunguliwa. Uvujaji mwingi wa meko huanzia hapo, hasa siku ya kubadilisha mtungi. Zaidi ya hayo, sufuria nzito ya maharagwe ikiwekwa juu ya meko huufanya mtungi uyumbe, na sakafu ya udongo isiyo sawa huzidisha hatari hiyo.

Tabia za gesi

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na nyuzi sifuri. Kwa hiyo katika hali ya hewa ya Nairobi zote mbili zingekuwa mvuke mtupu iwapo hazingebanwa ndani ya chuma. Zikibanwa hugeuka kimiminika, na kimiminika hicho huchukua nafasi ndogo mno. Lita moja ikitoroka hutanuka na kuwa takribani lita 250 za gesi. Hii ndiyo siri ya mtungi mdogo kuweza kupikia familia kwa wiki kadhaa, na ndiyo siri ya uvujaji mdogo kuweza kujaza chumba.

Tabia ya pili ni uzito. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na butani kwa mara mbili hivi. Moshi hupanda darini, lakini gesi ya mtungi hushuka. Hutambaa sakafuni kama maji, huingia chini ya kitanda, hupenya chini ya mlango na kutuama katika mtaro. Katika ploti ambayo vyumba vyake vimetenganishwa na bati moja tu lisilofika ardhini sawasawa, gesi inayovuja katika chumba cha kwanza yaweza kukutana na jiko la makaa katika chumba cha pili. Anayeathirika si lazima awe mwenye mtungi.

Tabia ya tatu ni mipaka ya kuwaka. Gesi ikiwa chini ya asilimia 2 hivi ya hewa ya chumba haiwaki, kwa kuwa ni haba mno. Ikizidi asilimia 10 hivi haiwaki pia, kwa kuwa hewa yenyewe haitoshi. Hatari iko kati ya mipaka hiyo miwili. Chukua mfano wa chumba cha futi 10 kwa 10, chenye kimo cha mita mbili na ushei. Ujazo wake ni kama mita 20 za ujazo. Asilimia 2 ya ujazo huo ni mita 0.4 za ujazo, kiasi ambacho hutolewa na chini ya kilo moja ya gesi. Kwa maneno mengine, sehemu ndogo tu ya meko moja yaweza kukifanya chumba kizima kuwa baruti. Na kwa kuwa gesi hutuama chini badala ya kuenea sawasawa, tabaka la sakafuni hufikia kiwango hicho mapema zaidi, wakati hewa ya kimo cha pua ya mtu aliyesimama ingali salama.

Tabia ya nne hutokana na joto. Kimiminika cha gesi hutanuka kinapopashwa moto, na kwa sababu hiyo mtungi haujazwi pomoni. Huachwa takribani sehemu moja ya tano iwe nafasi ya mvuke. Mtungi uliojazwa kichochoroni kwa kumiminiwa kutoka mtungi mwingine, pasipo mizani, huenda ukapunjwa au ukazidishwa. Ukipunjwa, mnunuzi hupoteza fedha. Ukizidishwa, anaweza kupoteza nyumba.

Pua: kitambuzi cha kwanza

Propani na butani safi hazina harufu ya kuonya. Harufu inayofahamika na kila mpishi hutiwa makusudi, nayo hutokana na kemikali iitwayo ethili merkaptani, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo sana. Chanzo cha desturi ya kutia harufu kwa amri ya sheria ni msiba. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London jimboni Texas, Marekani, gesi asilia isiyo na harufu ilijikusanya chini ya sakafu ya shule na kulipuka. Watu wapatao 300, wengi wao watoto, waliangamia. Baada ya hapo Texas ililazimisha gesi itiwe harufu, na sehemu nyingine za dunia zikafuata.

Kwa hiyo kila anayesema "nasikia harufu ya gesi" anatumia kitambuzi kilichogharimiwa na maisha ya watu. Hata hivyo, kitambuzi hicho kina mipaka yake. Kwanza, pua huzoea. Mtu akikaa ndani ya harufu kwa dakika kadhaa, huacha kuisikia, ilhali aliyetoka nje huingia na kushtuka. Pili, pua hulala. Sauti kali humwamsha mtu, lakini harufu ni nadra kumwamsha, na uvujaji wa usiku ndio wenye muda wa kujaza chumba. Tatu, pua huugua. Mafua huifunga, uzee huidhoofisha, na wakati wa janga la UVIKO-19 watu wengi walipoteza uwezo wa kunusa kwa majuma au miezi. Nne, pua huhadaiwa na mazingira. Merkaptani hunuka kama kabeji au vitunguu vilivyooza. Katika mtaa uliozungukwa na viwanda, penye mitaro ya majitaka na mto uliochafuliwa, harufu ya aina hiyo haimtishi mtu. Mkazi wa Lavington akisikia uvundo chumbani atauliza kuna nini. Mkazi wa kando ya Mto Ngong huenda akadhani ni mto.

Hapa ndipo hoja ya kitambuzi cha umeme inapopata uzito. Hoja hiyo haihusu anasa. Inahusu kumpa msaidizi mtu ambaye mazingira yamempunguzia uwezo wa pua yake.

Kitambuzi cha umeme kinavyofanya kazi

Katika makala haya, kihisi ni ile sehemu ndogo inayoathiriwa na gesi; kitambuzi ni chombo kizima; na king'ora ni sauti inayotolewa. Kigunduzi hutumika pia kwa maana ya chombo kizima, na wala si kosa.

Kihisi kinachotumika sana kiligunduliwa na Mjapani Naoyoshi Taguchi mwaka 1962, na kikaanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1968. Japani wakati huo ilikuwa nchi ya nyumba nyingi za mbao zilizopikiwa kwa gesi ya mitungi, na milipuko haikuwa habari ngeni. Taguchi alitumia oksidi ya madini ya bati iliyopashwa moto kwa umeme kidogo. Katika hewa safi, oksijeni hunata juu ya oksidi hiyo na kuzuia umeme usipite kwa urahisi. Propani au butani inapofika, huungana na oksijeni ile na kuiondoa, na umeme hupita kwa wepi zaidi. Mabadiliko hayo hupimwa na saketi, na king'ora hulia. Kwa kawaida kitambuzi hutengenezwa kilie kabla gesi haijafika robo ya kiwango cha chini cha kuwaka, ili watu wapate muda wa kutoka.

Mfano mzuri wa matumizi ya chombo hiki unapatikana mbali na Mukuru, katika magari ya kuishi ambayo Wamarekani na Wazungu husafiria wakati wa likizo. Gari la aina hiyo lina kitanda, jiko, jokofu na mtungi wa propani, vyote ndani ya chumba chembamba kimoja. Nchini Marekani, kanuni ya NFPA 1192 inataka magari hayo yenye vifaa vya propani yawekwe kitambuzi cha gesi. Chombo hicho hufungwa karibu na sakafu kwa sababu ya uzito wa gesi, na huunganishwa na betri ya gari ili kisitegemee umeme wa nje.

Ukiondoa magurudumu, gari hilo na chumba cha Mukuru vinafanana kwa mambo ya msingi: ukubwa, kuta za bati, hewa haba, na jiko lililo hatua moja kutoka kitandani. Tofauti ni kwamba mwenye gari hukaa humo kwa likizo, akiwa na kitambuzi kilichofungwa kiwandani, na mkazi wa Mukuru hukaa humo mwaka mzima, akiwa na pua yake tu. Kinachopaswa kuulizwa, basi, ni kama maarifa yaliyokubalika kwa nyumba ya likizo hayastahili kufika katika nyumba ya kila siku.

Kitambuzi kinachofanya kazi na kitambuzi cha ukutani

Kuwa na kitambuzi si sawa na kulindwa nacho. Uzoefu wa wenye magari ya kuishi unaonyesha njia kadhaa za chombo hiki kugeuka pambo, na kila njia ina sura yake katika Mukuru.

Njia ya kwanza ni kukosa umeme. Kihisi cha Taguchi kinahitaji kupashwa moto wakati wote, na kwa hiyo hutumia umeme mfululizo. Katika ploti ambazo stima hukatika mara kwa mara, kitambuzi cha kuchomekwa ukutani hufa pamoja na taa. Tena stima ikipotea, mshumaa huwashwa, na hapo mwali huongezeka chumbani saa ile ile mlinzi anapolala. Kitambuzi kifaacho ni chenye betri yake au kinachoweza kuunganishwa na betri ya paneli ndogo ya jua.

Njia ya pili ni uzee. Kihisi huchoka. Vitambuzi vingi huandikwa muda wa kutumika wa miaka 5 hadi 7, na tarehe hupigwa chapa nyuma ya chombo, mahali ambapo aliyekwisha kukifunga ukutani haoni tena. Kitufe cha kujaribia kikibonyezwa, king'ora hulia na mwenye nyumba hutulia moyo. Lakini katika vitambuzi vingi kitufe hicho hupima umeme na sauti tu, wala hakithibitishi kwamba kihisi kingali kinaitambua gesi. Chombo kinaweza kulia kwa kubonyezwa na kunyamaza mbele ya gesi.

Njia ya tatu ni mahali. Aliyezoea kuona vitambuzi vya moshi darini huweza kufunga kitambuzi cha gesi darini vilevile. Huko juu kitangoja gesi ambayo haitafika mpaka chumba kijae. Mahali pake ni chini, juu kidogo ya sakafu, mbali na maji ya kufulia na pasipozibwa na ndoo au magunia.

Njia ya nne ni kelele za bure. Dawa ya mbu ya kupuliza, pafyumu, rangi na mvuke wa pombe vyote vyaweza kukifanya kilie. Mwenye chumba kidogo kilicho jirani na mpika chang'aa atasumbuliwa sana. Mtu akichoka hukichomoa. Kitambuzi kilichochomolewa ni kama mlinzi aliyefukuzwa kazi kwa kosa la kubweka.

Njia ya tano ni kukitarajia kufanya kazi isiyo yake. Kaya nyingi zenye meko hazijaacha makaa. Githeri na maharagwe huchemka kwa saa nyingi, na gesi ni ghali kwa kazi hiyo. Makaa yakiwaka ndani hutoa monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu isiyo na harufu, ambayo kitambuzi cha propani hakikutengenezwa kuitambua. Mkazi akidhani kwamba kitambuzi chake kimoja kinamlinda na kila hewa mbaya, ataingiza jiko la makaa ndani usiku wa baridi na kulala asiamke.

Mita ya gesi na mkoba wa mkazi

Umaskini wenyewe ni sehemu ya hesabu ya usalama. Mwenye kipato cha kutwa hununua unga wa leo na mafuta ya leo, na bei ya kujaza mtungi kwa mara moja humpeleka kwa mjazaji wa kichochoroni anayeuza kwa bei nafuu. Sera za kodi nazo humsukuma huku na huku. Mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliwekwa kwenye mafuta taa ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta. Gesi iliyokuwa imeondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016 ilirudishiwa kodi hiyo kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa tena mwaka 2023.

Jibu mojawapo lilijaribiwa Mukuru kwa Reuben kwenyewe, nalo ni mita ya lipa kadiri utumiavyo. Mteja huletewa mtungi na jiko nyumbani, hulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, na mita hufungua gesi kwa kiasi alicholipia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia kaya 426 zilizotumia huduma hiyo mtaani Nairobi kuanzia Januari 2018 hadi Juni 2020. Wakati wa vizuizi vya UVIKO-19, asilimia 95 ya kaya hizo ziliendelea kupikia gesi, na matumizi yakapanda kutoka kilo 0.97 hadi 1.22 kwa mtu kwa mwezi. Wateja waliohojiwa walitaja usalama miongoni mwa faida, pamoja na kuokoa muda na kuletewa mtungi mlangoni.

Kauli hiyo ya wateja inaeleweka. Mtungi unaoletwa na kufungwa na fundi haupiti kwa mjazaji wa kichochoroni, na kiungo chake hakifunguliwi na kila mtu. Hata hivyo, mita si badala ya kitambuzi. Mita inajua kiasi cha gesi kilichotoka mtungini. Kitambuzi ndicho kinachojua kama gesi hiyo iko sakafuni badala ya kuwa chini ya sufuria.

Mafunzo ya Sinai na Embakasi

Wakazi wa Mukuru hawahitaji kuhadithiwa moto. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba la mafuta katika kijiji cha Sinai, upande wa Viwandani. Watu walikimbilia kuiteka, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka katika eneo la Mradi, Embakasi, penye kituo cha kujazia gesi kilichokuwa kikiendeshwa kinyume cha sheria kati ya nyumba za watu. Wapo waliokufa, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo mahali hapo yalikataliwa mara tatu mwaka 2023. Kituo kilifanya kazi hata hivyo.

Matukio haya mawili yanaonyesha mpaka wa vyombo vya nyumbani. Kitambuzi cha chumbani hakimkingi mtu na bomba la mafuta wala na lori la jirani. Ulinzi wa aina hiyo hutoka kwa sheria inayotekelezwa, mipango ya ardhi na barabara zinazopitisha gari la zimamoto. Wala isichukuliwe kwamba mkazi akinunua king'ora basi wakuu wametua mzigo wao.

Lugha ya tahadhari

King'ora hulia, lakini hakisemi. Katika ploti yenye vyumba ishirini, sauti ile itapenya mabati na kuwafikia majirani wote, nao wataulizana ni simu ya nani. Ni lazima pawe na mtu wa kuigeuza sauti hiyo kuwa neno, na neno hilo liwe sahihi.

Ugumu wa jambo hili unaonekana katika amri moja inayomjia kila mtu kinywani: "Zimeni stima!" Amri hii ina nia njema na yaweza kuua. Swichi hutoa cheche inapozimwa sawa na inapowashwa. Amri sahihi haina kuwasha wala kuzima, bali ni kutogusa: "Gesi! Msiguse stima, tokeni nje!" Katika Kiswahili, vitenzi washa na zima ni kinyume, na mantiki ya lugha humfanya msemaji aamini kwamba ikiwa kuwasha ni hatari, kuzima ni usalama. Fizikia haifuati kinyume hicho. Huu ni mfano wa wazi wa mahali ambapo mtaalamu wa lugha ana kazi ambayo mhandisi hawezi kuifanya peke yake.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Zikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi maelezo ya kitambuzi yaliyoandikwa kwa Kiingereza au Kichina pekee yanavyoitimiza haki hiyo kwa mama muuza chapati. Maelezo yanayohitajika si marefu. Yanaweza kutoshea katika karatasi moja ya kubandikwa mlangoni:

Nunua mtungi kwa muuzaji mwenye leseni. Angalia sili na upimiwe uzito mbele yako.

Ukifunga kichomeo, paka kiungo povu la sabuni. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti kamwe.

Funga mtungi kila umalizapo kupika, na hasa kabla ya kulala.

Ukisikia harufu au king'ora: usiguse swichi, usiwashe kiberiti. Zuia mwali wowote usisogezwe karibu. Funga vali ukiweza kuifikia salama, fungua mlango na dirisha, toa watoto, waambie majirani wa pande zote mbili. Simu ipigwe mkiwa nje.

Kitambuzi kikae chini, kiwe na umeme wakati wote, na tarehe yake ya mwisho iandikwe mbele kwa herufi kubwa.

Mwanafunzi atakayeitazama orodha hii ataona kwamba vitenzi vingi viko katika hali ya kuamuru, sentensi ni fupi, na msamiati ni wa sokoni. Sili, swichi na stima si maneno ya kuonewa haya. Mwandishi wa tahadhari anayeng'ang'ania istilahi safi kuliko ile inayotamkwa na msomaji wake anaitumikia kamusi na kumwacha mtu.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba gesi ya mtungi ni nzito, haionekani na hutanuka sana. Kwamba harufu yake ni ulinzi wa kwanza, ila pua huzoea, hulala, huugua na huhadaiwa. Na kwamba kitambuzi cha umeme huweza kuziba pengo hilo iwapo kina umeme, hakijazeeka, kiko mahali pake na hakijachomolewa. Imeelezwa pia kwamba chumba kimoja cha mabati hakitofautiani sana na gari la kuishi ambalo ughaibuni huwekewa chombo hicho kwa kanuni. Kwa kuwa ukuta wa bati hauzuii gesi kumfikia jirani, kitambuzi kimoja katika chumba kimoja ni mali ya ploti nzima, na kingeweza kununuliwa kwa mchango wa ploti au chama kama yanavyonunuliwa mambo mengine ya pamoja.

Kwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kazi iliyo karibu zaidi haihitaji mtaji mkubwa. Ni kuandika tahadhari zinazoeleweka, kuzijaribu kwa kuwasomea wakazi wenyewe, na kusahihisha neno linalopotosha kabla halijamfikia mtu usiku. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Katika Mukuru kwa Reuben nafasi kati ya viwili hivyo ni ya dakika chache, na yafaa dakika hizo zisipotee kwa kutafuta maana ya neno.